Mikono Iliyotwanga Kisamvu

Jioni, basi la mwendokasi likishatoka Kivukoni na watu tumebanana hadi mlangoni, huwa najikuta narudia wazo lile lile: watoto wamekula nini leo? Sijiulizi kama wamekula, maana hilo nalijua. Ninachowaza ni nani amewapakulia, na kama wamekula kile nilichokiacha kwenye hotipoti alfajiri au ni chipsi za kibandani tena. Tukifika Magomeni wazo limeshakua, na tukikaribia Kimara nimejiinamia kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Ajabu ni kwamba nyumbani nitamkuta mtoto ameoga, ameshiba, anasinzia juu ya daftari lake, na hana lawama yoyote na mimi. Basi lawama hii inatoka wapi?

Nilipojaribu kumtafuta anayenishtaki, nilimkuta Muheza, jikoni kwa mama yangu, na ushahidi wake ulikuwa sufuria la kisamvu.

Kisamvu hakipikwi na mtu mwenye haraka. Majani machanga ya muhogo yanachumwa, yanaoshwa, yanatwangwa kwenye kinu hadi yalainike, kisha yanachemshwa taratibu na kwa muda mrefu, kwa sababu yana sumu ya sianidi, na ni kule kutwangwa na kuchemshwa vizuri kunakoiondoa. Hapo nazi inakunwa kwa mbuzi. Linatangulia tui jepesi, mboga inachemka nalo hadi ianze kukauka. Tui zito linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, na harufu yake ndiyo iliyokuwa ikituita kutoka uwanjani. Kwangu mimi, mama kumlisha mtoto maana yake ilikuwa hiyo. Mimi ninayenunua kisamvu kilichokwisha kusagwa kwa mashine, kimefungwa kwenye mfuko, nikakipika Jumapili na kukigawa kwenye vibakuli vya friji kwa ajili ya wiki nzima, nilijiona napunja. Nilihisi nawapa watoto wangu kivuli cha kile nilichopewa mimi.

Siku moja, tukizungumza kwenye simu, nilimweleza mama jambo hilo, nikitegemea labda kufarijiwa, labda kukaripiwa.

“Sasa kusaga kwa mashine kuna ubaya gani, mwanangu?” akaniuliza. “Kwani mimi nilitwanga lini? Mlikuwa mnatwanga nyie na watoto wa shangazi yako. Bibi yenu anakuna nazi. Mimi nikirudi shamba nakuta kinachemka, naunga tu.”

Akahamia habari za mvua, nami nikabaki na maneno yake.

Ni kweli. Nilianza kuukumbuka mchi mikononi mwangu, na jinsi tulivyokuwa tukipokezana na binamu zangu, mmoja akichoka mwingine anadaka bila mapigo kukatika. Nilimkumbuka bibi ameketi juu ya mbuzi, kanga ameikunja magotini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewafuta wote katika picha nikambakiza mama peke yake na mwiko, pengine kwa sababu ndiye aliyepakua, na mtoto humkumbuka anayempakulia. Kisha nikajipima naye: mimi mmoja, ninayetoka nyumbani jua halijachomoza, dhidi ya kaya nzima niliyoipa jina la mama.

Ningependa kusema kwamba siku ile mzigo ulishuka. Haukushuka wote, na sina hakika kama ulipaswa kushuka. Kwa sababu nikiirudisha ile picha kamili naona pia kwamba waliokuwa wakitwanga ni wasichana tu. Kaka zetu walikuwa mpirani, na kisamvu kilipoiva walikuja wakala pamoja nasi, wakati mwingine kabla yetu. Sitaki kuwarudishia binti zangu kinu kile ili mimi nipumzike. Ninachokitamani ni ile mikono mingi, na bado natafuta namna ya kuipata bila kuiba utoto wa mtu.

Tangu hapo nimeanza kuangalia upya mambo ambayo zamani niliyahesabu kuwa upungufu wangu. Chukua unyonyeshaji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata siku 3. Siku 84 hazifiki hata miezi 3. Sheria hiyo hiyo inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa 2 za kazi kwa siku kumnyonyesha mwanawe, na ni jambo jema, lakini anayefanya kazi Posta na mtoto yuko Kimara anajua saa hizo zinaishia wapi. Nilipokuwa nakamua maziwa nimejifungia kwenye chumba cha stoo, nililia nikiamini kwamba mwili wangu na moyo wangu vimemwangusha mtoto. Leo najiuliza kama sikuwa nalilia hesabu ambayo isingelingana hata ningefanya nini.

Nyumbani kwetu tumeanza mabadiliko, ya polepole na yasiyo na uhakika. Ijumaa usiku maharage yanamwagwa kwenye ungo, na mwanangu wa kiume ndiye anayeyachambua. Anayasogeza kwa kidole, anatoa vijiwe na yaliyotobolewa, akipata kijiwe anakigongesha ukingoni mwa bakuli ili sote tusikie. Baba yake anayaosha na kuyaloweka. Maharage yaliyolala kwenye maji huiva mapema na hayali gesi nyingi, ilimradi yale maji yamwagwe na yachemshwe kwa maji mapya. Siku ambazo hatuwezi zaidi ya hapo, kuna dagaa wa kukaanga na nyanya, ugali wa dona, na mchicha uliokamuliwa ndimu. Zamani nilikiona hicho kuwa chakula cha kuombea radhi. Lakini dagaa analiwa na mifupa yake, na ndimu huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga, wakati chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Kumbe sahani niliyokuwa nikiionea aibu ilikuwa inawalisha vizuri kuliko nilivyodhani. Na siku za chipsi bado zipo. Sizipendi zikifuatana, lakini nimeacha kuzihesabu kuwa dhambi.

Kuna swali moja ambalo sijalipatia jibu. Mkono mmojawapo katika hiyo mikono mingi ni wa dada anayetusaidia kazi. Yeye ndiye anayepasha kisamvu changu mchana, yeye ndiye anayejua mtoto gani kaacha mboga na yupi kaomba nyongeza. Naye ana mtoto, anayelelewa na bibi yake kijijini. Mimi nikiwaza kwenye basi wangu wamekula nini, yeye anawaza hivyo hivyo akiosha vyombo vyangu, na umbali wake ni mkubwa kuliko wangu. Tumejitahidi mshahara wake ufike kwa wakati, na awe na siku zake za kwenda kumwona mwanawe. Sijui kama hilo linatosha. Nadhani halitoshi, na naona ni vizuri nisizoee kulifikiria kama jambo lililokwisha.

Mzazi mwenzangu unayerudi usiku na kuanza kujihukumu mbele ya jiko, nakuomba ufanye jambo moja kabla hujajilinganisha na aliyekulea: muulize, au waulize waliokuwepo, ni nani hasa aliyekuwa akichota maji, akichambua mchele, akitwanga, akikuna. Kisha ihesabu mikono iliyomo ndani ya nyumba yako leo. Ukikuta ni yako peke yako, ujue kwamba umebebeshwa kazi ambayo haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Usiongeze bidii. Mwite mwenzako jikoni, waite na watoto wa kiume, na wewe mwajiri unayesoma haya, mruhusu mama huyo atoke saa yake ikifika.