Korongo Halisomwi Kutoka Ndani

Kama siku moja utapata nafasi ya kufika Naivasha, nchini Kenya, mwendo wa kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, utaikuta hifadhi moja ndogo iitwayo Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu. Ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984, na eneo lake halifiki kilomita za mraba 70. Katika mbuga nyingi za Afrika Mashariki mgeni hukatazwa hata kushuka garini. Hapa mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu, au kukodi baiskeli na kupita kati ya pundamilia na twiga kana kwamba anakwenda sokoni. Ndiyo sababu familia za mjini, shule na vikundi vya vijana hupapenda sana.

Lakini si wanyama niliokusudia kukusimulia leo. Nataka nikuchukue hadi mwisho wa barabara, ambako ardhi hupasuka ghafla na kuwa korongo la Njorowa.

Hapo zamani, maelfu ya miaka iliyopita, Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na lenye kina kirefu kuliko tulijuavyo leo, na maji yake yalipozidi yalitafuta njia ya kutokea upande wa kusini. Njia hiyo ndiyo Njorowa. Maji yalikata miamba iliyofanywa na majivu ya volkano, ambayo ni laini, mithili ya kisu kinavyokata muhogo uliochemshwa, hata ukapatikana mfereji wenye kuta ndefu zilizopindapinda, na mahali pengine mwembamba kiasi kwamba watu hulazimika kupita kwa safu, mmoja nyuma ya mwenziwe. Kuna sehemu ambapo maji ya moto huchuruzika ukutani, kwa kuwa moto wa ardhini hauko mbali: pale Olkaria, jirani kabisa, mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Ziwa lilipopungua, mto ule ulikufa. Mfereji lakini ulibaki, na kila mvua inyeshapo kwenye vilima vya jirani, maji huikumbuka njia yake ya kale.

Uzuri wa mahali hapa siwezi kuukana. Mtu asimamapo chini, akatazama juu, huona utepe mwembamba wa mbingu tu, na sauti yake mwenyewe humrudia kutoka kuta zote mbili. Walakini utepe ule wa mbingu ndio unaodanganya. Mwezi Aprili 2012 vijana wa kanisa moja la Nairobi waliingia katika korongo hilo kwa matembezi; maji yakawajia kwa ghafla, na saba kati yao wakapoteza maisha. Jumapili tarehe 1 Septemba 2019 msiba ukajirudia: watu saba tena, na safari hii hata mwongozaji alikuwa miongoni mwa waliokufa. Baada ya hapo wakuu wa hifadhi walilifunga korongo.

Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Usemi huo ni wa kweli shambani na uani, lakini korongoni haufai, kwa maana mvua itakayokuua si lazima ikunyeshee wewe. Huweza kunyesha mbali, nyuma ya kilima usichokiona, huku kichwani pako jua linawaka. Mfano ulio wazi kabisa ni wa Antelope Canyon, katika ardhi ya Wanavajo, jimbo la Arizona nchini Marekani. Tarehe 12 Agosti 1997 wageni kumi na mmoja walisombwa na kufa katika korongo hilo, ilhali mvua yenyewe ilikuwa imenyesha maili kadhaa upande wa juu. Aliyenusurika alikuwa mwongozaji wao.

Basi huko Marekani, katika majimbo ya Utah na Arizona, wako watu ambao mchezo wao ni kushuka makorongo kwa kamba, hasa yale yasiyojulikana, na upelelezi wa korongo jipya wameufanya kuwa elimu kamili. Nimeona inafaa nikueleze namna wafanyavyo, si ili uige mchezo wao, bali kwa sababu maswali wanayojiuliza ndiyo yale yale yanayomfaa mzazi ambaye mwanawe amealikwa matembezi ya Njorowa.

Wao hawaanzii korongoni. Huanza mezani, na ramani. Hutazama mistari ya miinuko, wakafuata kwa kidole kila kijito kinachoingia korongoni, hadi wajue ni ardhi kiasi gani inayomwaga maji yake humo. Korongo dogo linaweza kuwa mdomo wa bonde kubwa mno, kama vile faneli. Na mahali penye mwamba mtupu, pasipo majani wala udongo wa kunywa mvua, maji yote hukimbilia mdomoni kwa wakati mmoja. Baada ya ramani hutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Ndipo huenda kwa miguu yao, lakini hata hapo hawaingii. Hutembea ukingoni, juu, wakichungulia. Huhesabu maporomoko, wakakisia urefu wake ili wajue kamba ya kuchukua. Hutafuta pia mahali ambapo ukuta umelegea na mtu anaweza kuparamia akatoka. Na kama hapapo, hilo nalo huliandika.

Mwishowe huziangalia kuta zenyewe. Ukiona gogo limekwama baina ya kuta mbili, juu kuliko kichwa cha mtu aliyesimama chini, jua kwamba halikurushwa na mkono wa mtu. Maji yalifika pale. Nadhani hakuna ubao wa onyo unaosema wazi kuliko gogo hilo, na bado wengi hupita chini yake wakipiga picha.

Liko jambo moja katika mchezo huo ambalo lilinikaa sana moyoni nilipolielewa. Mshukaji hupitisha kamba yake katika egemeo, pengine mti, pengine pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani, au hata jiwe lililofungwa kamba na kufukiwa mchangani. Akishuka hadi chini huivuta kamba ile imfuate, kwa kuwa ataihitaji kwenye poromoko lijalo. Kamba ikishaanguka miguuni pake, njia ya kurudi imekwisha. Kuanzia hapo hana budi kuendelea hadi mwisho, chochote kitakachokuwako mbele: poromoko refu kuliko kamba, au shimo la maji lililochongwa kama mtungi, mdomo mwembamba na tumbo pana, ambalo maji yakipungua mtu huelea ndani asipate pa kushika. Ndiyo maana mpelelezi mwangalifu, katika korongo asilolijua, huiacha kamba mahali pake mpaka aone yaliyo mbele.

Na ustadi peke yake hautoshi. Tarehe 14 Septemba 2015 watu saba walikufa katika Keyhole Canyon, ndani ya hifadhi ya Zion, Utah. Walikuwa na kamba, walikuwa na kibali. Utabiri wa hali ya hewa ulikuwa umetaja hatari, na mchana onyo rasmi likatolewa na makorongo yakafungwa. Lakini kufunga mlango hakumtoi aliye ndani. Uswisi, tarehe 27 Julai 1999, katika kijito cha Saxetenbach, watu 21 walikufa, wakiwamo waongozaji watatu wa kazi hiyo. Uswisi baadaye ilitunga sheria ya michezo ya hatari, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayomtaka anayeuza safari za namna hiyo awe na kibali.

Hapa kwetu Tanzania makorongo ya kutembelea yako pia. Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, watu hupanda kwa kukanyaga maji ya mto wenyewe, kati ya kuta za mwamba, hadi kwenye maporomoko, kisha hurudi kwa njia ile ile. Maji yale hutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na mtu aliye bondeni kwenye joto hawezi kujua huko juu kunanyesha nini. Wamasai wanaochunga hapo ndio watu wa kuulizwa kwanza, na jibu lao likiwa hapana, dereva asibembelezwe.

Kwa hiyo, mzazi, barua ya safari ikifika nyumbani, ada si swali la kwanza. Uliza bonde la juu ni lipi, na nani ameuliza habari za mvua ya huko asubuhi ile ile. Uliza ni nani atakayebaki juu ukingoni, na kundi likichelewa atampigia nani. Uliza pia kama njia za kupandia kutoka korongoni zimeonyeshwa watoto kabla hawajaingia.

Mtoto mwenyewe naye mfundishe dalili chache. Maji maangavu yakigeuka rangi ya chai ya maziwa, au vijiti na majani vikianza kupita wakati hakuna upepo, au ukasikika mngurumo kama wa garimoshi kutoka upande wa juu, asisubiri kuambiwa. Asikimbie kufuata mkondo, kwa sababu maji yana mbio kumzidi. Apande ukutani penye njia iliyo karibu, mkoba auache, viatu aviache, na akishafika juu asishuke kuvifuata hata kama maji yanaonekana yamepungua, kwani wimbi la pili huweza kuja nyuma ya la kwanza.