Majani ya Mlonge na Kichwa cha Mpwa Wangu



Mwaka 2018 mpwa wangu, mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Nyarugusu, mkoani Geita, aliangukiwa na jiwe kichwani. Wenziwe walimtoa shimoni akizungumza, hata akicheka, wakamleta kwa dada yangu. Nami siku hiyo nilikuwa mgeni pale, nimetoka Shinyanga.

Aliyeshauri majani ni mimi. Nilikuwa nimesoma kwamba mlonge hupoza uvimbe, nikamwambia dada ayachemshe, kijana anywe, apumzike. Alilala. Magharibi alianza kutapika, na tulipomwamsha hakunijua. Tukamkimbiza Mwanza, na pale Busisi tukangoja kivuko usiku. Tabibu aliuliza jambo moja tu: tangu ajali muda gani umepita? Ulikuwa umepita muda wa saa kumi. Ndani ya fuvu mlikuwa na damu iliyoganda, wala hakuna jani liondoalo hiyo.

Baadaye nilisoma zaidi, kwa aibu. Niliyoyasoma kwanza hayakuwa uongo. Ubongo hudhurika mara mbili: kwanza kwa pigo lenyewe, kisha, kwa saa na siku zifuatazo, kwa uvimbe. Chembe zilinzazo ubongo, ziitwazo mikroglia, huwaka kwa hasira mpaka zikaumiza hata kilicho kizima. Na kwa kuwa fuvu halitanuki, ubongo hukosa pa kwenda. Katika mimea mna vitu viitwavyo flavonoidi. Kimojawapo, kwesetini, kimo katika vitunguu na majani ya mlonge. Wataalamu wamewapa panya walioumizwa vichwa, wakaona uvimbe umepungua.

Lakini panya hupewa dawa iliyosafishwa na kupimwa, si sufuria ya dada yangu. Na katika kile tulacho, ni kidogo mno kifikacho ubongoni. Tena kupoza uvimbe peke yake si kuponya. Kwa miaka mingi matabibu waliwapa majeruhi wa kichwa dawa kali za jamii ya steroidi, wakidhani zawafaa. Uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 10,000, uliotangazwa 2004, ulionyesha kwamba katika majuma mawili walikufa asilimia 21 ya waliopewa, na asilimia 18 ya wasiopewa. Ikiwa mabingwa walikosea hivyo, mimi na gazeti langu ni nani?

Nimejifunza pia kwamba mtu aliyepigwa kichwa na kuanza kusinzia hanyweshwi kitu, asije akapaliwa. Nasi tulimnywesha vikombe viwili.

Mlonge twaendelea kuula, kwani ni mboga njema. Mpwa wangu yu hai, alhamdulillahi, ila mkono wa kuume ni mzito na majina humpotea. Lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, mwaka 2025, tulilipita pamoja kwa gari, kilomita 3 kwa dakika chache. Alitazama ziwa, akaniuliza, “Mjomba, hapa panaitwaje?” Nikamwambia. Tulipofika ng’ambo akaniuliza tena.