Usitume skrinshoti, tuma faili

Shangazi yangu anaishi Lorengelup, na juzi laptopu yangu ilimnyima maji.

Si maji ya kweli, tulia. Lilikuwa zoezi la darasa hapa Lodwar: boza moja ya lita 10,000, vijiji vitatu, yaani Kerio kwetu, Nakurio na Lorengelup. Panga safari za wiki, dizeli itumike kidogo iwezekanavyo. Nikaandika kwa Python nikitumia PuLP, nikabonyeza, ikaniambia "Optimal". Kerio safari 3, Nakurio 2, Lorengelup 0.

Kwa kiherehere changu nikamwonyesha mjomba, ambaye amewahi kuendesha boza. Akaangalia weee. "Na hawa wa Lorengelup wamekosea nani?"

Sikuwa na jibu. Nikapitia programu mara tano, naona iko sawa tu. Nikamtumia binamu yangu wa Kakuma skrinshoti. Akanicheka: "Hilo ni jibu. Mimi nataka swali."

Ndipo akanipa mstari mmoja: tatizo.writeLP("maji.lp"). Unahifadhi modeli nzima kwa faili ya maandishi, ndogo hata bando ikiwa inaisha itaenda, na inafunguka kwa simu. Juu kuna Minimize, kile unachopunguza. Chini yake Subject To, masharti. Nikasoma: maji_Kerio, maji_Nakurio, basi. Sharti la Lorengelup halikuwepo! Nilikuwa nimeandika range(2) badala ya range(3). Kwenye programu macho yalikuwa yakisoma nilichokusudia. Faili ilikuwa na kile kompyuta ilipewa. Na kama hakuna anayekulazimisha kufika mahali, dizeli ya bei rahisi zaidi ni ya safari usiyoenda.

Bahati nilikuwa nimeyapa masharti majina. Mngekuwa mnasoma hapa kuhusu _C1 na _C2 na singejua nani amekosa.

Kuna pia writeMPS. Hiyo .mps ni mtindo wa zamani wa IBM, na ndiyo PuLP inaweza kuisoma tena ukitaka kuirudisha modeli, lakini kwa macho ni mateso. Mtindo wake wa kwanza uliruhusu majina ya herufi 8 pekee. Lorengelup ina 10. Manze, hata huko wangekatwa.

Nimerekebisha. Lorengelup sasa ina safari 2, dizeli imepanda. Mjomba ameomba nimtumie hiyo faili kwa WhatsApp, ajisomee mwenyewe.