Mboga na Matunda: Tulisema Kupita Ukweli



Juma hili hatuandiki habari ya likelemba. Tunarudia neno ambalo sisi wenyewe tulilisema mara nyingi katika karatasi hii na katika mikutano yetu ya siku ya posho: "Mboga ni dawa, matunda ni dawa." Tulilisema kwa nia njema. Lakini mwenzetu mmoja alilishika vile lilivyo, na nusura limuue. Kwa hiyo inaomba tukae chini, tutenganishe ukweli na yale tuliyoongeza kwa mdomo.

Mwenzetu huyo ni mmoja wa wale wanaoteremsha vitunguu na tomati kutoka Kabare mpaka Bukavu, mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Ana tensio tangu mimba yake ya mwisho. Kwenye kituo cha afya walimpa komprime, wakamwambia azinywe kila siku, hata siku anazojisikia mzima. Komprime zinaomba feza kila mwezi, na mwezi wa shule feza ilienda kwa watoto. Hapo mtu mmoja aliyekuwa akizunguka sokoni na chupa za maji ya majani alimwambia kwamba majani yanatosha. Mwenzetu alikumbuka neno letu, akaona linakubaliana na la yule mtu. Akaacha dawa.

Kwa majuma sita alikunywa yale maji na kula matunda kila asubuhi. Alikuja mkutanoni akasema: "Dada zangu, hata kichwa hakiumi tena." Tuseme ukweli: tulimpigia makofi.

Asubuhi moja, akifunga mzigo wake, mkono wa kushoto ulikataa. Mdomo ukaenda upande. Binti yake alikimbia kutuita, tukambeba kwa kipoyi mpaka barabarani. Munganga alipopima tensio alituangalia mmoja mmoja, akauliza: "Nani alimwambia aache dawa?" Hakuna aliyejibu. Yule muuza chupa hakuwapo pale, lakini sisi tulikuwapo.

Mungu alisaidia, anaishi. Anasema vizuri, anatembea, lakini ule mkono hauna tena nguvu ya kufunga mzigo. Siku aliyorudi mkutanoni alisimama mbele yetu wote, akatuuliza: "Basi mboga zinasaidia ama hazisaidii? Msinijibu kwa kunifurahisha."

Hatukuweza kumjibu siku ile. Tulimwita enfirmie wa kituo chetu, mama kama sisi, akakaa nasi mchana mzima. Mengine tulisoma, mengine tulijaribu nyumbani. Jibu tulilopata lina sehemu tatu.

Kwanza, kuna magonjwa ambayo chakula ni dawa yake kweli. Hayo ni magonjwa ya ukosefu: mwili umekosa kitu fulani, ukiurudishia unapona. Mwaka 1747, ndani ya meli ya Waingereza, munganga James Lind aliwagawa mabaharia 12 waliokuwa wakitoka damu kwenye fizi na kuishiwa nguvu. Aliwaweka wawili wawili, kila wawili akawapa kitu chao. Wale waliopewa machungwa na malimau walisimama kwa siku chache kupita wengine wote. Walikuwa wamekosa vitamini C kwa sababu ya kula vyakula vikavu miezi mingi baharini.

Huku kwetu ukosefu unaoonekana zaidi ni mwingine. Mtoto anayejigonga kwenye viti jua likizama, ambaye haoni vizuri magaribi, anaweza kuwa amekosa vitamini A. Mwili unaitengeneza kutoka kwa vitu vya rangi ya machungwa na majani ya kijani kibichi: maembe, mapapai, karoti, viazi tamu vyenye nyama ya machungwa, lengalenga, matembele, sombe, na mawese mekundu. Enfirmie alitukumbusha mambo mawili. Vitamini hiyo inaomba mafuta ili iingie mwilini, kwa hiyo lengalenga ya maji matupu haimsaidii mtoto sana kama ile yenye kijiko cha mawese ama kipande cha avoka pembeni. Na sisi tunaochemsha mawese mpaka yawe meupe, tukisema ndiyo yamekuwa safi, tunaunguza kile tulichokinunua. Lakini mtoto ambaye tayari haoni usiku asingoje maembe yaive. Apelekwe kituoni, kule wana vitamini yenyewe.

Vivyo hivyo kwa damu. Majani yetu yana madini ya chuma, lakini mwili unayachukua kwa shida, si kama yale ya nyama na samaki. Ukikamua ndimu juu ya mboga, ama ukala chungwa au pera pamoja na chakula, mwili unachukua zaidi. Ukinywa chai mara tu baada ya kula, unachukua kidogo. Mama mwenye mimba asiache vidonge vya damu anavyopewa eti kwa sababu anakula sombe.

Pili, kuna magonjwa ambayo mboga zinasaidia, lakini polepole na pamoja na vingine. Tensio ni mojawapo. Mwaka 1997 huko Marekani walitoa matokeo ya kazi moja kubwa. Watu wazima 459 walipewa chakula kilichopimwa kwa majuma 8. Kundi moja lilikula kama kawaida yao, lingine liliongezewa matunda na mboga, la tatu liliongezewa hivyo na maziwa yasiyo na mafuta mengi, na mafuta yakapunguzwa. Chumvi ilikuwa sawa kwa wote. Tensio ya waliokula matunda na mboga ilishuka kidogo, ya kundi la tatu ilishuka zaidi, na walioona tofauti kubwa ni wale waliokuwa na tensio ya juu tayari.

Tulipomsomea mwenzetu habari hiyo, alisema: "Kumbe sikuwa mjinga kabisa." Hakuwa mjinga. Chakula chake kilikuwa kinamsaidia. Kosa ni kwamba msaada ule ni mdogo, na yeye aliufanya ubebe mzigo wote peke yake. Pia hakuna aliyemwambia kwamba makayabo aliyoyapenda jioni yalikuwa na chumvi ya kumaliza faida ya matunda ya asubuhi. Na kule kusema kichwa hakiumi, hata hiyo haikuwa dalili. Tensio inaweza kupanda bila kichwa kuuma hata siku moja. Mashine tu ndiyo inayoiona.

Kuhusu moyo na magonjwa mengine ya uzee, waliofuatilia watu wengi kwa miaka mingi wanaona kwamba wanaokula mboga na matunda zaidi wanakufa kidogo kwa ugonjwa wa moyo na kwa kupasuka mshipa wa kichwa. Hapo mama mmoja wetu aliinua mkono: "Lakini wanaokula matunda mengi si ndio wenye feza? Si ndio wana maji ya bomba na munganga wa karibu?" Enfirmie alicheka, akasema swali hilo ndilo wataalamu wanalogombania. Wanajaribu kuondoa tofauti hizo katika hesabu zao, na hata wakiziondoa faida inabaki, ila hawawezi kuziondoa zote. Jambo ambalo hesabu hizo zinaonyesha vizuri ni hili: faida kubwa iko mwanzoni. Anayetoka kwa sifuri mpaka sahani mbili anapata kupita yule anayetoka kwa tano mpaka saba. Hilo lilitugusa, kwa sababu wengi wetu tuko karibu na sifuri kwa upande wa matunda.

Tatu, kuna pale ambapo mboga hazifanyi kitu. Malaria haikimbii ndizi, mosketeri ndiyo inaizuia na dawa ndiyo inaimaliza. Kolera haiogopi lengalenga. Tena saladi iliyooshwa kwa maji machafu inaweza kuleta kolera nyumbani. Mtoto aliyevimba miguu na nywele zikageuka rangi, anaomba matibabu na chakula chenye kujenga mwili, yaani maharagi, karanga, mayai, sambaza. Majani peke yake hayamtoshi. Na mwenye ugonjwa wa figo asijaze ndizi na avoka bila kumuuliza munganga, maana madini yanayomsaidia mwenye tensio yanaweza kumdhuru yeye. Mwenye ugonjwa wa sukari ale tunda zima kwa kiasi, aache maji yake yaliyokamuliwa, kwa sababu gilasi moja inaingiza sukari ya machungwa matatu ama manne kwa mara moja.

Wala tusidanganywe kwamba faida yote inaweza kufungwa ndani ya chupa. Huko Finland waliwapa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 vidonge, wengine vya ile rangi ya karoti, wakitumaini kuwakinga na kansa. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliokunywa vidonge vya karoti walipata kansa ya mapafu zaidi kupita wasiovinywa. Karoti ya shambani haikuwahi kuwafanyia watu hivyo. Tangu tulipojua hilo tunaogopa zaidi chupa za sokoni.

Sasa tufike kwetu nyumbani, kwa maana hapo ndipo tuliona haya zaidi.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mkubwa ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, karibu viganja vitano, bila kuhesabu mihogo na viazi. Tulipiga hesabu. Nyumba ya watu wakubwa 7 ingeomba karibu kilo 3 kwa siku! Wengine walicheka, wengine walikasirika. Nani ana feza hiyo? Kisha mama mmoja akasema kwa sauti ndogo: "Sisi ndio tunalima hizo kilo 3. Tunazipeleka Bukavu."

Na ni kweli. Karoti nzuri, shu nzuri, marakuja nzuri, vyote vinashuka na mzigo. Nyumbani kunabaki bugali na maharagi, na mboga ile iliyonyauka isiyopata mnunuzi. Maparachichi yenyewe, yanayoanguka chini ya mti wakati wa msimu, tunayaona chakula cha watoto wa barabarani. Tunauza vitamini, kisha feza ile inaenda kununua soda na biskuti siku ya ubatizo.

Hatukuamua kuacha kuuza. Ada ya shule haichukuliwi na lengalenga. Tuliamua jambo dogo: kabla ya kufunga mzigo, kila nyumba itoe kwanza kiganja kimoja cha mboga kwa kila mtu na tunda moja moja kwa watoto. Tuliita hicho "kikapu cha nyumba." Nyumba 14 zilikubali. Baba mmoja alinung'unika kwamba mke wake anakula faida. Juma la pili mke wake alimhesabia feza mbele yetu: upungufu ulikuwa chini ya bei ya bia moja. Akanyamaza, ila bado hajasifu.

Sasa imepita miezi sita. Hatutaki kurudia kosa letu, kwa hiyo tunasema tulichoona tu. Watoto wanapata choo vizuri, na mabibi wawili waliokuwa wakilalamika juu ya jambo hilo wameacha. Chakula kinashibisha zaidi na bugali inayobaki inapungua sufuriani. Malaria ilikuja kama kila mwaka. Watoto wawili waliharisha kwa maembe yasiyooshwa, na tangu siku hiyo kila kikapu kina jagi lake la maji yaliyotiwa klore. Nyumba tatu ziliacha mwezi wa ada ya shule, mbili zimerudi. Hatuna mashine ya kuona moyo wa mtu miaka ishirini mbele, lakini tunaona sahani za leo.

Mwenzetu naye? Anakunywa komprime zake kila asubuhi. Tulitenga kitu kidogo kwenye likelemba kwa ajili ya mwezi ambao feza inakosa, kwa maana ule mwezi ndio ulioanza shida yote. Anakula lengalenga yenye chumvi kidogo na ndimu, na makayabo anayaloweka maji mara mbili, tena mara moja kwa juma tu. Vitunguu sasa vinabebwa na binti yake mkubwa. Yeye anakaa mezani kupima na kupokea feza. Kila siku ya posho anapimwa tensio kabla ya wimbo wa kwanza, kisha anatuonyesha namba kwenye daftari.

Swali lake tunalijibu hivi: ndiyo, dada, mboga zinasaidia, hasa kwa sisi tunaokula kidogo sana. Lakini hazichukui nafasi ya dawa yako, na sisi hatukuwa na haki ya kukuambia hivyo. Tunakuomba msamaha hapa hapa, mahali tulipolisema lile neno.

Siku ya posho ijayo enfirmie atakuja na mashine ya tensio kwa wote walio na miaka zaidi ya 30, bila malipo. Kila mama alete daftari lake na ndimu moja.