Bibi Apandie Ndege Wapi?

Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza bibi mmoja wa kikundi chetu cha akina mama hapa Handeni. Binti yake aliyeko Uholanzi alimwita akamwone mjukuu. Bibi ana shinikizo la damu, na hakuwahi kupanda ndege.

Shauri likawa: apandie wapi? Sisi wa Handeni hupita Mkata kwenda Dar es Salaam. Wakwe zake wa Korogwe, walio karibu nusu ya njia kati ya Dar es Salaam na Moshi, walisema KIA, maana huko hakuna foleni. Binti naye alisema Nairobi ni nafuu.

Kwa nini Nairobi iwe nafuu? Shirika la ndege hufikiri kama mwenye basi: viti vitajaa kwenda na kurudi? Nairobi ina wafanyabiashara, watalii na mizigo ya maua, hivyo ndege ni nyingi, nazo zikishindana nauli hushuka. KIA ilifunguliwa mwaka 1971 ili watalii wa Kilimanjaro na Serengeti washukie kwetu moja kwa moja. Hata mpaka wa Kenya ulipofungwa, 1977 hadi 1983, watalii wengi walibaki upande wa pili. Kwa miaka mingi KLM ilitua KIA kisha Dar es Salaam kwa ndege ile ile. Viwanja viwili vikagawana abiria. Mwaka 2019 Dar es Salaam ilifungua jengo la tatu, la abiria milioni 6 kwa mwaka. Lakini jengo peke yake halijazi viti.

Tulipojumlisha basi, malazi na usumbufu wa mpakani, unafuu wa Nairobi ukayeyuka. Tukachagua KIA.

Tulilala Korogwe, alfajiri tukashika njia. Mashamba ya mkonge yakaisha, milima ya Usambara ikawa kuliani, chai tukanywea Mombo. Kila basi liliposimama tulimtembeza Bibi ili miguu isivimbe. Akauliza, "Na hiyo ndege itasimama tuchimbe dawa?" Tulicheka hadi Same.

Uwanjani tulimkabidhi dawa zake kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na karatasi ya daktari. Alitushika mikono, hakutaka kuachia. Mlangoni wasindikizaji hawapiti. Akaingia peke yake.

Siku ya pili akapiga simu. Kumbe ndege ilitoka KIA ikashuka Dar es Salaam kwanza, ndipo ikaenda Ulaya! Tulikuwa tumemzungusha mama wa watu bure. Yeye hakukasirika. "Wanangu," alisema, "nimepita juu ya nyumbani gizani, nikawaombea."

Akina mama, kabla ya kulipa tiketi ulizeni mambo matatu: ndege inashuka wapi njiani, gharama yote hadi mlangoni ni kiasi gani, na mgonjwa atakaa barabarani saa ngapi. Viwanja vishindane, sisi tuhesabu.