Umma Anaousikiliza Jaji

Kila muhula, tunapofikia mada ya ufasiri wa Katiba, wanafunzi wangu huuliza swali lile lile: majaji 5 wasiopigiwa kura ni nani hata wawazuie watu milioni 1? Swali hili halistahili kubezwa. Ibara ya 1 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi, na Ibara ya 159 inaongeza kwamba hata mamlaka ya mahakama hutokana nao.

Mwanasiasa anayejinadi kuwa sauti ya umma huingilia mlango huo huo. Haikani Katiba, huikumbatia, kisha hujitangaza kuwa yeye na umma ni kitu kimoja. Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, Rais aliwaita majaji wakora. Hapo kilichotiliwa shaka kilikuwa haki ya majaji kusimama kati ya kiongozi na watu wake, si sheria waliyoitumia.

Mfano ninaoutegemea zaidi darasani ni kesi ya Mpango wa Maridhiano, yaani BBI. Mswada wake uliletwa kwa njia ya Ibara ya 257, inayowawezesha wananchi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa saini za wapigakura wasiopungua milioni 1. Saini zilitimia, na mabunge zaidi ya 40 kati ya 47 ya kaunti yakauidhinisha. Kwa hesabu hiyo, umma ulionekana kuwa umekwisha kusema. Tarehe 13 Mei 2021 Mahakama Kuu iliuliza jambo ambalo idadi haiwezi kulijibu: nani aliyeuanzisha? Ikajibu kuwa ni Rais, ilhali njia hiyo iliwekewa raia wasio na dola mikononi. Mahakama ya Rufaa ilikubali hoja hiyo mwezi Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 wengi wa majaji wa Mahakama ya Juu wakaishikilia.

Uhuru huo una gharama. Wiki chache baada ya hukumu ya kwanza, Rais aliwateua majaji 34 kutoka orodha iliyopendekezwa tangu mwaka 2019, akawaacha 6. Wawili kati yao walikuwa katika jopo lile.

Hata hivyo, kuna sehemu ya hukumu hiyo ya kwanza iliyoshangiliwa sana ambayo mimi niliisoma kwa wasiwasi: fundisho la muundo msingi, kwamba yako mambo ya Katiba yasiyobadilishwa ila wananchi wenyewe waitwe upya kama waasisi. Katiba haina neno hilo. Majaji walilijenga juu ya historia ndefu ya Wakenya kuitafuta Katiba yao. Historia hiyo ni ya kweli, lakini jaji anayenena kwa jina la umma wa historia hayuko mbali sana na mwanasiasa anayenena kwa jina la umma wa uwanjani. Kila mmoja hudai kuisikia sauti ambayo wengine hawaisikii.

Mahakama ya Juu ililiweka kando fundisho hilo, na bado mswada haukusimama. Ulianguka kwa maneno yaliyoandikwa, ambayo raia yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma. Kwangu mimi, hiyo ndiyo ngao imara zaidi. Jaji akishindana na mwanasiasa kuhusu nani anaupenda umma zaidi, atashindwa, kwa kuwa hana jukwaa. Nguvu yake ni kuulinda utaratibu ambao wananchi wenyewe waliupitisha kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010.

Kwa hiyo huwajibu wanafunzi wangu kwamba majaji wale hawakuwazuia watu milioni 1. Walimzuia mtu mmoja asijifiche nyuma yao. Siku kiongozi mnayempenda atakapotangaza kuwa umma umeamua, msianze kuhesabu saini. Ulizeni kwanza nani aliyeuandika mswada.