Ulalo wa Mukuru kwa Reuben

Kiswahili kina neno ambalo wengi wa wanaokisomea hawajapata kulitumia hata mara moja: ulalo. Maana yake ni gogo au miti iliyolazwa juu ya mto ili watu wapate kuvuka. Limetokana na kitenzi 'lala', na yeyote aliyewahi kuona mti ukiangushwa kutoka ukingo mmoja hadi wa pili atakubali kuwa aliyeliunda hakukosea. Mwenzake, 'daraja', ana asili ya mbali. Katika Kiarabu neno hilo ni kipandio na ni cheo, wala si kitu cha kuvukia maji; maana hiyo waliiongeza Waswahili wenyewe. Basi ulalo hulala, ilhali daraja hupanda. Tofauti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa mchezo wa maneno tu mpaka mtu afike Mukuru kwa Reuben, mashariki mwa jiji la Nairobi.

Mukuru, kwa Kigikuyu, ni bonde. Mtaa huu ulio jirani na viwanda unapitiwa na Mto Ngong, ule utokao Bwawa la Nairobi karibu na Kibera na kuelekea mashariki kuungana na Mto Nairobi. Mbali na mto, kuna mitaro mingi inayokata vichochoro, na kila mtaro unadai kuvukwa. Nguzo mbili au tatu za mkaratusi hulazwa, kisha juu yake hupigiliwa mabanzi au mbao za paleti zilizotupwa na viwanda. Kingo hushikizwa kwa magunia ya mchanga. Fundi mwangalifu hupaka ncha za nguzo oili chafu, maana anajua kuwa mti haukawii kuoza pale unapogusana na udongo, hata kama katikati ungali imara.

Maarifa hayo hayakuzaliwa mjini. Yalikuja na watu kutoka Ukambani, Murang'a, Kisii na kwingineko, pamoja na magodoro na masufuria yao. Kilichobaki nyuma ni utaratibu. Kijijini mti hutoka katika shamba linalojulikana, na ulalo ukivunjika inajulikana ni nani wa kuitwa. Wakamba wana mwethya, kazi ya pamoja ambayo jirani hakwepi bila kuona haya. Mtaani aghalabu mvukaji ni mpangaji. Nyumba si yake, ardhi si yake, na mwenye nyumba yamkini anaishi mtaa mwingine. Nani basi aununue msumari?

Hutokea vijana wakaurekebisha baada ya mvua, kisha wakasimama pembeni na kumtaka kila mpitaji sarafu. Wapo wanaouita mtindo huo unyang'anyi. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani mbao hazikujipigilia zenyewe. Hata hivyo, mtoto aendaye shuleni hana sarafu, na mama anayerauka kutafuta kibarua cha kufua nguo hulipa kwenda na kurudi kabla hajajua kama kazi ipo. Mwethya ulioingia sokoni si mwethya tena.

Wala haifai ulalo huu upambwe kwa sifa ambazo wanafasihi hupenda kuzimwagia dhiki za wenzao. Mbao huteleza. Mara nyingi hapana pa kushika. Chini hupita maji taka ya majumbani na ya viwandani, na mtoto akianguka humo, kina si hatari pekee.

Mnamo Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, lenye kaya zaidi ya 100,000. Barabara zikachorwa, na baadhi zikajengwa na kutiwa lami. Hilo ni jema. Lakini mchoraji anayetaka kujua watu hupita wapi angeanza na ulalo: hakuna mtu atumiaye fedha yake kulaza nguzo mahali pasipo na safari. Kila ulalo ni ombi la daraja ambalo halikuandikwa barua.

Kisha zikaja mvua za Machi hadi Mei 2024. Mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na mito ya Nairobi ikabeba kila kilicholazwa juu yake. Serikali ikaamuru kingo za mito zihamwe, na matingatinga yakabomoa nyumba za kandokando, Mukuru ikiwemo. Hoja ya usalama ilikuwa na uzito, ila waliobomolewa hawakuacha kuwa na kazi ng'ambo ya pili.

Mtaani hakuna asemaye 'ulalo'. Husemwa 'daraja ya mbao', na mwalimu husahihisha 'ya' ikawa 'la' bila kujiuliza kama nomino yenyewe ndiyo. Wavukaji hawajali. Mbao hazitupwi Mukuru: boriti iliyobeba bati la nyumba iliyobomolewa hung'olewa misumari, hunyooshewa misumari hiyo hiyo juu ya jiwe, na kulazwa mtaroni kabla watoto hawajatoka shuleni.